Kadi Mbili za Namba Tano

Sogeeni mnaotaka kuamua. Wanaotaka kusinzia wakasinzie kwao.

Katika shule moja ya wasioona palikuwa na watu watatu. Sikitu, fundi redio wa barazani, alijifunza kazi kwa kuunguza vidole. Sikio lake lilikamata kasoro kabla ya jicho. Mwalimu Chilumba, asiyeona, hakusahau kitu kilichopita mikononi mwake. Injinia Makoye alikuwa na cheti. Basi. Cheti.

Kompyuta kuukuu ya shule ilimsomea Chilumba mitihani kwa sauti, kisha ikaichapa kwa nukta nundu. Ilipotiwa kadi mpya ya kuchapia, mambo yakaharibika: ikianza kuchapa, sauti inakatika, mashine inaganda. Na mtihani ni kesho. Mwalimu mkuu, Bi Zamoyoni, akainua ufunguo. "Atakayeifanya iseme na ichape, stoo ile ni karakana yake." Sikitu, aliyelowa mvua barazani misimu mitano, akaukodolea macho.

Makoye alikwishafuta programu zote na kuziweka upya mara tatu. "Ni virusi, dada."

"Virusi vimo kichwani mwako!" Sikitu akachomoa kadi ya sauti, akasikiliza, akairudisha, akachomoa ile ya kuchapia. Kila moja peke yake ilifanya kazi. "Zote mbili zinabisha hodi kwa namba tano. Kompyuta haijui imwitikie nani. Moja ihame. Ila iende namba ipi?"

"Nifungulieni kifuniko," akasema Chilumba. Ndani palikuwa na utepe wa vinundu aliouandika mwenyewe zamani. Makoye aliudhani gundi iliyokauka. Chilumba akaupapasa. "Tatu ina mwenyewe. Nne ina mwenyewe. Tano, kadi ya sauti. Saba tupu."

Namba huhamishwa kwa kofia ya plastiki, ndogo kama punje ya mchele, inayovishwa kwenye vijiti vya kadi. Sikitu, kwa hasira zake, akaing'oa kwa koleo. Ikapasuka. Mjini haziuzwi.

Makoye akacheka mpaka funguo zake zikalia. Kwenye mnyororo wake alining'iniza kipande cha kadi mbovu, watu wamjue kuwa ni mtu wa kompyuta. Na kwenye kipande kile, kofia ileile!

"Lete hicho."

"Hiki? Ni pambo tu, dada."

"Najua. Kama cheti chako."

Akampa. Sikitu akaivua kofia, akaivisha kwenye vijiti vya namba saba vya kadi ya kuchapia. Kompyuta ikasema, ikachapa.

Mikono mitatu ikaufuata ufunguo.

"Kasoro nimeigundua mimi," akasema Sikitu.

"Bila utepe wangu ungebahatisha mpaka Ijumaa, binti."

"Na bila pambo langu?" akauliza Makoye.

Sikitu, asiyesema uongo hata kwa mtu anayemdharau, akasema, "Ningebaki na kofia iliyopasuka."

Chumba hakigawanyiki. Aliyegundua kisha akavunja, aliyeandika akangoja, au mjinga aliyetembea na dawa asiijue: wewe ungemkabidhi nani ufunguo?