Kiriba cha Suhail

Imesimuliwa na waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyopita, kwamba katika mji mmoja wa bondeni, nchi ya Yaman, alikuwako mja mwema akiitwa Humaid bin Suhail. Kazi yake ilikuwa kulainisha ngozi za mbuzi na kuzishona viriba vya kuchukulia maji safarini, na misafara ya mahujaji haikupita mjini bila kununua kwake. Kila mshono aliushona mara mbili. Akiulizwa sababu, hujibu, "Ndivyo alivyoshona baba yangu, Mungu amrehemu."

Baba yake huyo alikuwa fahari ya mji. Wakubwa kwa wadogo walijua kwamba Suhail alitoka kwenda Hija Humaid akiwa na miaka mitano, akafika, akafishwa katika uwanja wa Arafa akiwa ndani ya ihramu, wingu likimfunika yeye peke yake. Kabla ya kukata roho alimpa msafiri kiriba kidogo cha maji ya Zamzam, akasema, "Mpelekee mwanangu." Kiriba hicho kilitundikwa ukutani kwa Bi Raihana, mama yake Humaid. Kila mwaka, siku ya Arafa, majirani waliofunga walikusanyika pale, wakasimuliwa kisa upya, kisha wakafuturu kwa maji yaliyotiwa ndani ya kiriba kile kwa kutaraji baraka.

Humaid alikulia ndani ya kisa hicho, na kilimchosha. Alifunga sunna, alidumu na nyiradi, akahiji mwenyewe alipotimiza miaka thelathini, lakini kila alilolifanya aliliona dogo. Aliposimama Arafa alitazama juu, asione wingu. Akisinzia juu ya tasbihi kwa uchovu wa kazi, hujiambia, "Baba asingesinzia." Hakuwahi kumlilia, maana mtu hamlilii walii. Na alipoinua mikono baada ya Swala, hakumwombea msamaha. Alimwomba Mungu kwa heshima ya baba yake, kama ombaomba anayetaja jina la mkubwa mlangoni.

Basi mwaka mmoja, Humaid akiwa amepita hamsini, siku ya Arafa alikaribishwa futari mzee mgeni aitwaye Dhakwan, aliyeongoza misafara hadi miguu ilipomkatalia. Kiriba kilipomfikia hakunywa. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, akarudia tena.

"Nani alikishona hiki?"

"Marehemu baba yangu, Suhail," akasema Humaid.

"Suhail wa kisimani?"

Jirani mmoja akacheka. "Suhail wa Arafa, mzee wangu! Saumu imekupanda kichwani. Kunywa kwanza."

Mzee akautazama uso wa Humaid, akanywa, akampa kiriba aliyekaa kando yake. Lakini walipokwisha swali Magharibi, Humaid alimshika mkono mlangoni. "Ami, nakuomba kwa haki ya Mola aliyetuumba, sema."

Dhakwan akashusha pumzi. "Tulikuwa na haraka, mwanangu. Baba yako alitushonea viriba kumi kwa siku mbili, mshono mmoja mmoja, ngozi hazijaiva vizuri, naye akatoka nasi kwenda kuhiji. Siku ya nne vikafumuka vitatu. Tulikuwa na ajuza mmoja, akafa kwa kiu nusu siku kabla ya kisima. Baba yako alimzika kwa mikono yake. Tulipofika kisimani akasema hasogei. 'Nitasimamaje mbele ya nyumba ya Mola wangu, na kiu ya bibi yule iko shingoni mwangu?' Akakaa pale miaka kumi na miwili, akiwatekea wasafiri maji na kuwashonea viriba vyao, mara mbili mara mbili. Hakupokea kitu. Ila alimwambia kila aliyekunywa, 'Niombee maghufira.' Hiki alikishona mbele ya macho yangu, akakituma na msafiri wa huku. Na alipofariki, mimi ndiye niliyemwosha."

Humaid akauliza jambo moja tu. "Hija hakufika?"

"Hakufika."

Asubuhi ya Idi alimkuta mama yake amekaa barazani akiota jua.

"Mama, baba alikufa wapi?"

"Si jana tu umesimuliwa?"

"Mzee Dhakwan ndiye aliyemwosha, mama."

Bi Raihana alimgeukia. "Basi umejua," akasema. "Ulikuwa ukikimbilia kila msafara, ukiuliza, 'Baba yangu yuko wapi?' Kwanza nilisema amefika Makka. Habari yake ya kisimani iliponifikia, nilikwisha sema. Halafu nikasema amefariki. Arafa niliiongeza siku watoto wa mtaani walipokucheka kwamba baba yako amekutoroka."

"Na wingu?"

"Wingu si langu! Hilo la shangazi yako. Nilipolisikia mimi, lilikwisha fika msikitini."

Humaid alicheka bila kutaka, na kicheko kikamgeukia kilio. "Mama, miaka yote hii sikumwombea msamaha. Nilidhani yeye ndiye wa kutuombea sisi."

"Mimi nimemwombea kila siku," akasema mama. "Kimya kimya, kama mtu anayeiba."

Humaid akakaa chini karibu naye. Alijua la kufanya, na mwili wake mzima ulikataa. Akinyamaza, jina la nyumba litabaki juu. Lakini baba yake atabaki kaburini na deni la Hija, na hakuna mtu mwingine mjini wa kumwombea, kwa kuwa wote wamemwona hahitaji.

"Watu watakuitaje, mama, nikiwaambia?"

"Mwongo, na kweli nilisema uongo. Waambie tu, mwanangu. Nimechoka kuubeba."

Ilikuwa ada ya mji ule watu kumletea Humaid ngozi za wanyama waliowachinja Idi. Walipojaa uwanjani alisimama kizingitini na kiriba mkononi, akawaeleza yote, hata ya ajuza. Mmoja akapaza sauti, "Yangekudhuru nini ungenyamaza? Waliohusika wamekwisha kufa!"

"Ndiyo maana nasema," akajibu Humaid. "Waliokufa ndio wenye haja."

Wengine walibeba ngozi zao wakaondoka, wala hawakurudi kwake tena. Lakini jirani yule aliyecheka usiku wa futari aliiweka ngozi yake chini, akainua viganja vyake, akasema kwa sauti ndogo, "Mola, msamehe Suhail." Humaid hakuwahi kulisikia jina hilo likiombewa.

Bi Raihana alifariki kabla mwaka haujatimia. Humaid alimzika, akauza vyombo vyake vya kazi, akatoka kwa nia ya kumhijia baba yake, yeye mwenyewe mzee sasa, magoti yakimuuma. Siku ya nne walifika kisimani. Kando yake palikuwa na kaburi la mawe lisilo na jina. Wenzake walipolala kivulini, yeye alishika kamba akawatekea maji wote, na kila aliyekunywa alimwambia, "Mwombee baba yangu maghufira, na bibi aliyekufa njiani."

Akafika Arafa. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa amechoka mno. Safari hii hakutazama juu kutafuta wingu. Alisema, "Nimekuitikia, Mola wangu, kwa niaba ya Suhail," kisha akakaa mchangani akamlilia baba yake kama mtoto wa miaka mitano.

Ndugu zangu katika imani, sisi tuliozika tunawapenda watu wetu, na mapenzi hutufanya tuwapambe kuliko walivyokuwa. Lakini sifa zetu haziwafikii walipo. Tusione haya kusema: alikuwa mtu, alichoka, alikosea, Mola msamehe. Na tuliseme leo, kabla na sisi hatujahitaji wa kutusemea.