Bomba la Jikoni kwa Kaniki

Bomba kavu si bomba lililofungwa. Mama yenu amesema hivyo sasa hivi, Mbaruku alipojisifu kwamba ugomvi wake na kaka yake umekwisha, eti kwa kuwa kaka hasemi tena. Mmecheka, mkadhani ni mambo ya mafundi. Sogezeni ungo wa choroko huku, muendelee kuchambua huku mkisikiliza. Methali hiyo ilizaliwa jikoni kwetu, na aliyelowa ni baba yangu, mzee Kaniki.

Baba alikuwa seremala, na alikuwa na ugonjwa wa maseremala: hakuna kitu alichokubali kwamba hawezi kukitengeneza. Paa likivuja, yeye. Kiatu kikiachama, yeye. Kumwita fundi mwingine nyumbani kwake aliona ni kujitangazia ujinga.

Wiki ya kuletwa mahari yangu, macho yake yakatua kwenye bomba la jikoni. Lilikuwa likivuja miaka mingi, limefungwa shingoni kipande cha mpira wa baiskeli. Akasema wakwe hawataliona vile. Akanunua jipya linalong'aa, na asubuhi ya siku ile ile ya ugeni, mchele tukiwa tumeshaupeta na unga wa maandazi uko chini kwenye beseni, akaingia na spana.

Mama yangu, Bi Sikudhani, alimkumbusha jambo moja. Koki ya kufungia maji ilikuwa uani kwa jirani yetu, mzee Semkiwa, kwa maana maji yalipita kwake kwanza ndipo yakaja kwetu. Baba alitakiwa avuke tu, abishe hodi, aombe.

Hakutaka. Mama yake Semkiwa alipofariki, baba hakuonekana mazikoni, kwa sababu alikuwa anamalizia madirisha ya mtu. Baadaye alikwenda kutoa pole, Semkiwa akamjibu, "Haina neno." Toka hapo wakawa wanasalimiana kwa mbali. Baba alilishika lile "haina neno" kama risiti. Kwake jambo lilikwisha. Lakini lingekuwa limekwisha kweli, miguu yake isingekuwa mizito kwenda kubisha hodi.

Akafungua bomba bovu. Halikutoa hata tone, maana mgao wa maji ulikuwa umetukausha siku nyingi.

"Nikafunge nini?" akamwambia mama. "Maji yenyewe hayapo."

Akalizungusha, akaling'oa, akaanza kusugua kutu kwenye tundu la ukutani.

Ukuta ukakohoa. Upepo ukapiga mluzi mle ndani, kisha maji yakaja kwa nguvu zote, mekundu kwa kutu, yakampiga baba kifuani. Akaziba kwa kiganja, yakapita kati ya vidole. Akaziba kwa kofia yake, ikaruka. Unga ukawa uji, mchele ukaelea. Mimi nilikaa kizingitini nikilia, kwa maana wageni walikuwa njiani na chakula cha kuwapa kilikuwa kinatoka nje kwa mlango.

Mama hakungoja ruhusa ya mtu. Alitoka peku mpaka kwa Semkiwa. Punde maji yakalegea, yakakatika, na Semkiwa mwenyewe akatokea mlangoni kwetu. Alikuwa hajakanyaga pale tangu msiba.

"Bomba lilikuwa kavu," baba akasema, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Kavu si kufungwa, Kaniki," Semkiwa akamjibu taratibu. "Hata mimi nilikuwa kavu. Ulikuja ukanikuta sina neno, ukaondoka umeridhika. Mama yangu ndiye aliyekukata kitovu. Nilikungoja kaburini mpaka udongo wa mwisho."

Baba akaiweka spana chini. Nilidhani atataja yale madirisha, lakini hakuyataja.

"Nilikosa, ndugu yangu," akasema. "Nilimkosea mama, nikakukosea na wewe. Niliogopa kukuuliza kama umenisamehe, maana jibu nilikuwa nalijua."

Machozi yakamlengalenga Semkiwa. Kisha akaokota ile tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye nyuzi za bomba, akampa. Akamwambia afunge bomba lake kwa nafasi, koki haitafunguliwa mpaka aseme mwenyewe. Akarudi kwake kumwambia mkewe abandike sufuria ya wali wa wageni wetu.

Wakwe zangu walikuta sakafu bado imelowa, na Semkiwa ameketi mkekani kando ya baba, akipokea mahari kama mjomba wangu wa damu. Mpaka siku anafariki, babu yenu alikuwa akinitania kwamba alinioa kwa wali wa jirani. Na asubuhi iliyofuata wazee wale wawili walikwenda pamoja kung'oa magugu kaburini.

Naona Mbaruku umeacha kuchambua. Kaka yako yuko pale barazani, kimya tangu juzi, na wewe umefurahi hakuna kelele. Choroko tutamalizia sisi. Nenda kwake sasa, mjukuu wangu, wakati sakafu yetu ingali kavu. Bomba kavu si bomba lililofungwa.