Begi Lililowekewa Mikono

Jumanne moja, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mizani ya kaunta katika uwanja wa ndege wa Mwanza ilisoma kilo kumi na mbili na nusu. Mwisho ulioruhusiwa ulikuwa kilo saba.

Ndugu zangu, mwenye begi alikuwa mama mmoja, fundi cherehani. Kwa miaka ishirini futi ya ushonaji ilikuwa haimtoki shingoni. Kama kuna mtu katika mtaa wake aliyejua kupima, ni yeye. Aliitazama namba ile kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

"Hizo si zangu," alisema.

"Begi si lako, mama?" aliuliza dada wa kaunta.

"Begi ni langu. Kilo ndizo zisizo zangu."

Watu wawili nyuma yake walicheka. Yeye hakucheka. Jumamosi alikuwa amelipeleka begi hilo kwa muuza nafaka wa jirani, likawekwa kwenye mizani ya kupimia mchele, likasoma kilo sita na nusu. Ndani aliweka gauni moja, khanga mbili, kandambili, Biblia na mswaki. Begi lenyewe, la magurudumu, lilikula karibu nusu ya uzito huo. Nafasi ilibaki tele. Aliiacha makusudi.

"Mwanangu, mizani yenu imeharibika," alisema.

Dada wa kaunta hakubishana naye. Alichukua chupa yake ya maji ya lita moja, ambayo haijafunguliwa, akaiweka juu ya mizani peke yake. Ikasoma kilo moja. Akairudisha chini ya meza.

"Mizani nzima, mama. Ndege hii ni ya bei nafuu, mzigo wa mkononi ni kilo saba basi. Na chini hakuna nafasi tena, imejaa tangu jana. Toa vitu, ubaki na saba. Tunafunga saa moja na nusu."

Sasa ni vizuri mjue alikokuwa anakwenda. Mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa amelazwa Dar es Salaam akisubiri upasuaji saa saba mchana wa siku hiyohiyo. Walibaki wawili tu katika nyumba yao. Siku tatu kabla, mgonjwa alimpigia simu akamwambia, "Dada, usiniletee kitu. Usibebe samaki wala nini. Njoo na mikono yako tu. Nataka nikushike kabla hawajanilaza kwa dawa." Ndiyo sababu begi lilikuwa jepesi. Ndiyo sababu alikata tiketi ya ndege, yeye ambaye safari zote za maisha yake alikwenda kwa basi.

Basi alipiga magoti sakafuni ili alifungue. Kabla hajashika zipu, dada wa kaunta akakumbuka maswali ambayo kila abiria huulizwa.

"Begi umelifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kuna mtu amekupa chochote umbebee?"

"Hakuna. Nilikataa."

Alijibu kwa sauti, na afisa wa usalama aliyesimama pembeni alimsikia. Alijibu kweli yote aliyoijua. Kisha akafungua zipu, na kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa mfuko wa dagaa wakavu.

Aliutazama. Aliugusa. Akafunga zipu, akazunguka kuangalia mkono wa begi, mahali alipokuwa ameshonea utepe mwekundu ili asilichanganye na la mtu. Utepe ulikuwepo. Mshono ulikuwa wake. Akafungua tena, na dagaa walikuwa palepale.

Chini ya dagaa kulikuwa na chupa ya asali iliyozungushiwa nailoni. Chini ya asali, jozi ya viatu vya kiume. Karanga zilizomenywa. Picha ya harusi ndani ya fremu, na katika picha hiyo bibi na bwana harusi ambao yeye mwenyewe aliwashonea nguo. Kila alipotoa kimoja alidhani ndicho cha mwisho. Alianza kujitilia shaka. Je, alifunga begi hili usingizini? Je, alikubali kitu kwa mtu kisha akasahau? Ninyi mngefikiri nini? Mtu aliyejipima mwenyewe kwa uaminifu, akakuta amezidi karibu mara mbili, atamlaumu nani kabla ya kujilaumu yeye?

Chini kabisa, ukiwa umebanwa juu ya Biblia, ulikuwa mfuko mnene wa nailoni. Ulijaa unga mweupe.

Afisa wa usalama akasogea.

"Mama, hii ni nini?"

"Sijui, afande."

"Umesema umefunga mwenyewe."

"Nilifunga mwenyewe."

"Na hakuna aliyekupa kitu."

"Hakuna."

"Kwa hiyo unga umeingia kwa miguu yake?"

Safari hii nyuma yake hakuna aliyecheka. Waliokuwa karibu walirudi hatua moja. Afisa aliugeuza mfuko bila kuufungua. Upande wa chini palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: *Apewe Bugumba, Tandika. Ni kidogo tu. Mungu akutangulie, mama.*

Mama yule alisoma mara mbili. Kisha akainua dagaa, akakuta karatasi. Viatu, karatasi. Karanga, karatasi. Miandiko tofauti, majina tofauti, lakini maneno yalikuwa yaleyale: *ni kidogo tu*. Na miandiko yote aliijua. Huu ni wa mwalimu wa kwaya. Huu ni wa mama wa mashine ya kusaga. Huu wa unga, wenye herufi zilizolala, ni wa mwenyekiti wa jumuiya.

Hapo ndipo akaikumbuka jana yake, saa kumi na mbili jioni.

Jumuiya walikuja nyumbani kumuaga. Mnaijua desturi yetu. Msafiri hukaa katikati, na mzigo wake huwekwa katikati pia, ili vyote viwekewe mikono. Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama mbele yao akawaambia, "Wapendwa, safari hii sibebi mzigo wa mtu. Ndege hii inapima." Wakamjibu kwa pamoja, "Tumekuelewa." Jioni ile wakaimba wimbo mmoja, mwenyekiti akasema tufumbe macho, na maombi yakaanza. Yalikuwa marefu, na kila mmoja aliomba kwa zamu. Waliomba njia yake iwe nyepesi. Katikati ya maombi yeye alisikia zipu ikivutwa polepole. Akadhani kuna mtu anafungua mkoba wake atoe sadaka, akasema moyoni, ubarikiwe. Baadaye akaisikia tena. Alipofumbua macho, wanaume wawili walikuwa wameshalinyanyua begi, wakampelekea mlangoni. Asubuhi dereva wa bajaji ndiye aliyelipakia na kulishusha. Yeye alilivuta tu kwa magurudumu, hatua chache. Akaona linamvuta mkono, akadhani ni uchovu wa kulala vibaya.

"Afande," alisema, "vimewekwa tulipokuwa tunaomba."

Afisa alifungua daftari lake.

"Mama, niandike hivyo?"

Dada wa kaunta alimhurumia. "Afande, si aviache hapa apande? Saa imekwenda."

"Haviwezi kukaa hapa bila mwenyewe. Na unga hautoki mpaka mkaguzi aupime. Yeye naye hatoki, ameshasema begi kafunga mwenyewe. Mama, unao mtu wa kuja kuchukua vitu hivi?"

Saa moja na dakika kumi alimpigia mwenyekiti. Simu iliita sana. Ilipopokelewa, mwenyekiti alikuwa ananong'ona, na nyuma yake watu walikuwa wanaimba.

"Mama! Tuko kwenye maombi ya asubuhi, tunakuombea wewe. Umeshapaa?"

"Sijapaa, Mzee. Niko chini. Unga wako umenishika."

"Unga upi?"

"Wa kwenye begi langu. Wa Bugumba."

Wimbo uliendelea mpaka mwisho wa ubeti.

"Aah, ule. Ule ni muhogo tu, mama. Mwanangu anasema unga wa huko Dar hauivi kama wa nyumbani. Ni kidogo."

"Mzee, nilisema sibebi."

"Ulisema. Na tulikuelewa kabisa. Ila begi lilikuwa na nafasi."

"Na wengine watano nao waliiona hiyo nafasi."

"Wengine watano?" Sasa hakunong'ona tena. "Kina nani?"

Ndugu zangu, sikieni hapo. Mzee yule alishangaa kwa dhati. Alijua kilo mbili zake, basi. Kila mmoja alijua zake. Katika chumba kile kilichojaa watu wa Mungu, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba amemzuia mama huyu kusafiri.

"Afande anasema uje na kitambulisho," alisema mama.

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupatikana. Je, iliisha chaji? Ilizimwa ili maombi yaendelee? Hatujui, na si haki kusema tusilolijua.

Mkaguzi alifika saa mbili kasoro robo. Alifungua mfuko, akachota unga kwa ncha ya kijiko, akaupima kwa chombo chake, akanusa, akasema ni muhogo. Afisa wa usalama akasema, "Pole, mama, unaweza kwenda." Dada wa kaunta alikuwa ameshazima taa ya juu ya meza yake. Kwenye dirisha, mama yule aliona ngazi ikiondolewa kwenye ndege. Alikuwa amekaa sakafuni, gauni lake na khanga zake upande mmoja, vifurushi sita upande wa pili. Akachukua khanga zake akazirudisha begini. Akachukua dagaa, akasita, kisha akawarudisha nao begini. Dada wa kaunta akamuuliza kwa nini asivitupe sasa.

"Vya watu hivi, mwanangu. Nitawajibu nini?"

Tuuweke mfano hapa, tujitazame sisi.

Tunamtafuta mwovu katika habari hii, na hatumpati. Mwenye dagaa alikuwa na dagaa kidogo. Mwenye viatu alikuwa na jozi moja, na kaka yake kweli hana viatu. Hakuna aliyeiba, wala aliyemchukia yule mama. Walimpenda, na walimwombea kwa machozi ya kweli. Sasa tukiulizwa ni nani aliyemwangusha, tutamnyooshea nani kidole?

Sisi tunajua kuweka mikono. Binti wa mtaani kwetu akipata kazi mjini, tunamzunguka, tunafumba macho, tunaomba, na kabla ya amina tumeshamwekea mdogo wetu wa kumtafutia kazi, mgonjwa wetu wa kumlaza kwake, mtoto wetu wa kumlea. Kijana akioa, tunaombea nyumba yake, na mkono uleule unatafuta zipu. Mjane akianza kusimama, tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha tunampa uongozi wa kamati tatu. Kila mmoja wetu anasema, kangu ni kadogo, na ni kweli, ni kadogo. Lakini je, tumewahi hata siku moja kuuliza jirani yetu ameweka nini? Na yule aliyesimama mbele yetu akasema "sibebi", tulipomjibu "tumekuelewa", tulielewa nini?

Msidhani tunakatazwa kutumana. Tumelelewa kwa kutumana. Mfano huu unasema neno moja tu: aliyesema habebi hawezi kulindwa na watu waliomfumbisha macho. Ukitaka kumpa mtu mzigo, mpe akikutazama, ili aweze kukukatalia. Na leo, tutakaposimama kuwaombea vijana wetu watatu wanaosafiri wiki hii, tunaomba jambo dogo. Tuombe macho yakiwa wazi. Mikono yetu ionekane.

Yaliyobaki ni machache. Mama yule alirudi mtaani kwake saa tano, akapita nyumba kwa nyumba. Vifurushi vyote sita viliwafikia wenyewe siku ileile, na hakuna aliyepungukiwa kitu. Mwenyekiti alipokea unga wake kwa mikono miwili. Basi la kwanza lenye nafasi lilikuwa la kesho yake alfajiri.

Upasuaji Dar es Salaam ulianza saa saba na dakika tano, ukaisha saa tisa na robo. Mgonjwa aliamka saa kumi na moja. Muuguzi aliyekuwa zamu anasema alinyoosha mkono pembeni ya kitanda, akauliza kama dada yake amefika. Muuguzi akamwambia bado.