Sanduku Lisilo na Mdomo

"Aogopaye msumeno hana kifuniko." Ndivyo nilivyomwambia Tatu asubuhi hii, nanyi mkacheka, kisha mkaanza kuulizana: msumeno na kitambaa cha gauni wapi na wapi? Haya, kaeni. Wewe Tatu sogea karibu zaidi, maana kitambaa chako kimelala kabatini tangu Pasaka kwa kuogopa mkasi. Msemo huu chanzo chake ni hiki.

Hapa hapa Urambo, zamani, alikuwapo fundi seremala aitwaye Kalunde. Ndiyo, mwanamke; msinikodolee macho. Ufundi aliachiwa na baba yake, lakini wateja hawarithiwi kama randa na patasi. Baba alipofariki, mmoja mmoja walihamia kwa jirani yake, fundi Makwaya, kimyakimya. Kalunde akabaki na kazi ya kuunga miguu ya vigoda.

Siku moja akaja Mzee Mihayo, mkulima wa tumbaku. Mzee huyu alijiviringishia mwenyewe biri, zile sigara nene za jani tupu, akazitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku hiyo alikuja na kipande cha mninga.

"Mti huu ulikuwa uani kwangu," alisema. "Watoto wangu wote wameuchezea. Radi imeupasua, na kilichosalia kizima ni hiki tu. Sasa binti yangu wa mwisho anaolewa. Wakwe zangu wakija nataka niwakaribishe biri kutoka kwenye mti wa nyumbani, si kwenye kopo. Utaweza kunichongea kisanduku?"

"Nitaweza, baba."

Jibu lilimtoka kabla hajafikiri. Mzee akamwachia biri moja iwe kipimo, akaenda zake.

Mti wenyewe sasa, jamani! Ulikuwa wa panda, pale shina linapogawanyika, na kwenye panda mistari ya mti husokotana. Kalunde alipopiga randa, mawimbi ya rangi ya asali yakajitokeza, yanafukuzana kutoka mwisho hadi mwisho. Akaona kuwa akichonga kifuniko peke yake, mawimbi yatakatika ukingoni. Baba yake alimfundisha njia moja ya kuyaokoa: unaunda sanduku zima, unalifunga kwa gundi pande zote, juu na chini, kisha unalikata kwa msumeno. Sehemu ya juu ndiyo kifuniko, na mawimbi yanavuka hayajui kama yamekatwa.

Akaunda. Pembeni akapachika vipande vya mpingo, akapiga msasa, akasugua nta. Sanduku likang'aa, limefumbwa kila upande.

Fundi Makwaya akapita, akaligeuza, akaligeuza tena. "Salaala! Mdomo wake uko wapi? Mimi hata jeneza naliwekea kifuniko, na mwenyewe hatoki!"

Waliokuwapo walicheka hadi machozi.

"Nitalikata," alisema Kalunde.

Makwaya akaacha kucheka. "Ulikate hili? Msumeno ukiyumba kidogo umeua. Mti huu hauna mwenzake. Mwambie mzee ni pambo, aliweke juu ya meza."

Maneno yale yakamwingia. Kila akishika msumeno, anauweka chini. Akaunoa, akaunoa tena. Akasugua nta juu ya nta. Wapita njia nao wakamsifia: zuri mno, lisiguswe! Kalunde akarudia vigoda vyake, na harusi inakaribia.

Mzee Mihayo alipokuja kulichukua, alilishika kwa mikono miwili, akalitikisa. Koto, koto.

"Hiki nini?"

Kalunde akajishika mdomo. "Biri yako, baba. Ile ya kipimo. Nimeifungia ndani."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Halafu akamtazama. "Ulipolifunga, ulikusudia kulifungua?"

"Nilikusudia."

"Basi nini kimekuzuia?"

"Naogopa, baba. Nikiharibu, mti wako umekwisha, na jina la marehemu baba nalo limekwisha."

"Mti wangu ulikwisha siku ya radi, mwanangu. Na ukiniachia hivi, mimi narudi kwenye kopo langu. Aogopaye msumeno hana kifuniko." Akavuta kigoda, akaketi. "Nami naitaka biri yangu."

Kalunde akajifunga kibwebwe. Akalibana sanduku mezani, akachora mstari kwa ncha ya kisu, akaanza kukata. Sauti ya msumeno ikamleta Makwaya mlangoni. Upande wa kwanza ukakatika, akachomeka vijiti vyembamba kwenye ufa usibane msumeno. Akageuza, akakata, akageuza tena. Ikabaki kona ya mwisho. Akasimama, akavuta pumzi, lakini msumeno hakuutoa.

"Nimeanza, namaliza," alisema, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

Kifuniko kikabaki mkononi mwake. Harufu ya tumbaku ikatoka ndani ya mninga, ikajaa karakana nzima. Akakirudisha mahali pake, na mawimbi yakapokeana ubavuni kana kwamba hayajawahi kuachana. Hapo ndipo Kalunde alipolia.

Makwaya akapitisha kidole ubavuni, akautafuta ule mstari asiupate. Kisha akatoa kiberiti chake mfukoni, akamwashia mzee ile biri. "Fundi," akamwambia Kalunde, "hongera." Hakuwahi kumwita hivyo.

Siku ya harusi wakwe walivuta kidogo tu. Kazi yao ilikuwa kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, na mzee kila mara akawasimulia, mpaka wakaondoka na msemo wenyewe midomoni.

Basi Tatu, mkasi ule pale juu ya cherehani. Usinitazame mimi, tazama kitambaa. Aogopaye msumeno hana kifuniko.