Nyuzi za Siku Tatu

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari za mja mmoja aliyeitwa Ghailani, msokota kamba katika mji wa jangwani ulioishi kwa maji ya visima. Msimtafute miongoni mwa mawalii mashuhuri, hamtamwona. Alikuwa mtu mwoga, nami kisa chake nakipenda kwa sababu hiyo hiyo. Masheikh wetu hupenda kutusimulia majasiri, na sisi tunaotetemeka tukabaki hatuna wa kumfuata.

Mkewe Ghailani alifariki kwa maradhi ya kifua, akamwachia binti mmoja, Lubaba, ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza. Baada ya msiba ule mtu yule alivurugika. Aliacha kazi, nyumba ikamponyoka, akawa analala na mwanawe kwenye baraza ya msikiti na kula chakula cha sadaka. Alipozinduka, alianza upya kwa kubeba mizigo ya makuti, akaendelea hivyo hivyo kidogo kidogo, mpaka msimamizi wa visima akamrudisha kwenye kazi yake ya kusokota kamba na kumpa chumba kando ya ghala.

Lakini mama wa marehemu, Bi Khaula, alikwisha kwenda kwa kadhi kumdai mjukuu wake. Bibi huyu aliishi kijiji cha mwendo wa nusu siku, na alikuwa na donda moyoni. Binti yake alipougua, Ghailani hakumpelekea habari. Alijipa moyo kwamba mkewe atapona, akaogopa kulaumiwa, akanyamaza. Bi Khaula alipofika alikuta kaburi bado bichi.

Kadhi akahukumu: "Ghailani, nakupa mwaka mmoja. Ukifika mwezi wa Shaabani una makao na kazi ya kujulikana, mtoto atakaa nawe. Ukishindwa, atakwenda kwa bibi yake."

Tangu siku hiyo Ghailani aliishi kwa hofu. Mtoto akikohoa, moyo ulimwenda mbio. Kila alipomwona mgeni njiani alidhani ni mjumbe wa kadhi. Alipokuwa akisokota, Lubaba alikaa mbele yake akishika ncha ya uzi, naye kila mara akiinua macho kuhakikisha bado yupo.

Sasa, ndugu zangu, sharti mjue jambo moja kuhusu kamba za mji ule. Zilitengenezwa kwa nyuzi za mtende, na nyuzi hizo zililowekwa majini siku saba kamili kabla ya kusokotwa, msokota akikaa birikani kuzigeuza usiku na mchana. Zikitolewa mapema, kamba hutoka nzuri ya kupendeza, ila ndani hubaki kavu, na siku ikibeba uzito mkubwa hukatika bila kuonya mtu. Na kila mwaka kabla ya joto kali, mtu mmoja aliteremshwa kwenye kisima kikuu kukisafisha. Desturi yao ilikuwa kwamba hashuki mtu mpaka msokota kamba aweke mkono juu ya kamba na kusema mbele ya watu wote, "Kamba hii ni amana yangu."

Kamba ya mwaka ule ilikuwa kazi ya Ghailani. Aliitengeneza wakati wa baridi, akaikabidhi ghalani, na watu wakaisifu. Yeye tangu hapo hakupata usingizi mzuri, maana nyuzi zake zilikaa majini siku tatu tu. Mara nyingi alitoka akiazimia kumwambia msimamizi, akafika mlangoni kwake, akamsalimu, akauliza hali ya wanawe, akarudi. Alikuwa anajua kwamba akisema atafukuzwa kazi, na kazi ikitoka, chumba kimetoka, na mtoto naye ametoka. Akajiambia kwamba pengine mwaka huu watatumia kamba ya zamani.

Hawakuitumia. Shaabani iliingia, na siku ya kusafisha kisima kadhi alikuwepo, kwani alikusudia kumaliza shauri la mtoto hapo hapo baada ya kazi. Bi Khaula naye alikuwepo, amemshika Lubaba mkono, na nyumbu wake amefungwa pembeni akiwa na tandiko tayari. Ghailani alipomwona yule nyumbu alijua ni wa kumbeba mwanawe.

Msafishaji wa visima, mtu wa mzaha aliyeitwa Nufaili, alijifunga kamba kiunoni, akakaa kwenye ukingo na kuning'iniza miguu ndani.

"Haya, Ghailani," akasema, "weka mkono wako, useme. Nina watoto watano nyumbani, na ukinidondosha utawalea wewe."

Watu wakacheka. Ghailani akaweka mkono. Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akatazama chini kisimani, ambako maji yaling'aa kwa mbali sana, halafu akatazama shingo ya Nufaili iliyokuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho lake. Hofu ya kumpoteza mwanawe ilikuwa ikimsukuma aseme maneno yale. Kisha ikaja hofu nyingine, ya Yule ambaye amana zote zitarudi Kwake, na hiyo ilikuwa kubwa zaidi.

"Usishuke," akasema. "Wallahi, usishuke. Kamba hii si salama."

Msimamizi akaona ni wasiwasi tu wa mtu mwoga. Akaamuru gunia la mawe lenye uzito wa mtu lifungwe mahali pa Nufaili, literemshwe. Lilishuka pima tatu, na kamba ikakatika. Watu walisikia mawe yakigonga kuta, wakasubiri, mpaka ukaja mshindo wa chini. Nufaili akajishika kiuno, na mzaha wote ukamwisha.

"Zilikaa majini siku ngapi?" msimamizi akauliza.

"Tatu."

"Kwa nini? Ulikuwa na haraka ya kumaliza?"

Tazameni hapo, ndugu zangu. Ilimtosha kuitikia kwa kichwa tu, mambo yaishe. Angeitwa mzembe, na uzembe husameheka. Sababu ya kweli ndiyo iliyokuwa hatari kwake, na aliyepaswa kuisikia alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale. Mimi nina watoto, na nikifika mahali hapa katika kisa hiki hujiuliza ningefanya nini, na jibu silipendi.

Ghailani akamgeukia Bi Khaula.

"Mama," akasema, "Lubaba aliugua homa wakati wa baridi. Siku nne hakunitambua. Nilizitoa nyuzi majini ili nisokote nikiwa kando yake, nisimwache peke yake. Sikukuita. Nilijua ungefika siku ile ile, lakini niliogopa ukija utaondoka naye. Ni kama nilivyokuficha kuhusu mama yake. Nimekukosea mara mbili, na leo nusura niue mtu."

Msimamizi akatangaza kwamba kazi na chumba amevichukua. Kadhi akainamisha kichwa, kisha akasema taratibu, "Bi Khaula, umemsikia. Kazi hana tena. Haki ni yako."

Bibi yule akamgeukia mkwewe.

"Siku hizo nne alikula nini?" akauliza.

"Uji wa shayiri. Nilimtia mdomoni kwa kidole."

"Na usiku alilala wapi?"

"Kifuani kwangu."

Bi Khaula akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Ewe kadhi," akasema, "sikuwahi kuogopa umaskini wa mtu huyu. Niliogopa kwamba siku mtoto huyu naye akifa, nitaambiwa baada ya maziko. Mvueni nyumbu tandiko. Mtoto atakaa na baba yake, na mimi nitakaa nao."

"Mtakaa wapi?" akauliza msimamizi, ambaye kazi na chumba alikwisha kuvichukua, na haki ilikuwa yake.

"Zizi langu lina chumba," akasema Nufaili. "Mbuzi watanisamehe."

Ghailani akarudi kubeba makuti kama alivyoanza. Mwaka wa pili akaruhusiwa kusokota tena, na Lubaba akawa anaweka kijiwe kimoja kwenye ukingo wa birika kila asubuhi, na hadi vitimie saba hakuna aliyethubutu kugusa nyuzi. Siku alipoweka mkono tena juu ya kamba ya Nufaili, aliogopa vile vile, ila maneno aliyatamka yote.

Wala msidhani woga ulimtoka. Alikufa nao. Mwenyezi Mungu hakumwondolea hofu yake, alimwondolea kuificha, na huenda hiyo ndiyo rehema tunayopaswa kuiomba sisi wazazi. Wanasema mwili wa mtoto ukipata joto kidogo tu, Ghailani alitoka mlangoni akaita mpaka majirani wakasikia, "Mama, njoo! Lubaba ana homa!" Na Bi Khaula, ambaye zamani Ghailani alimwogopa kuliko watu wote, alikuwa anakuja mbio bila hata kuvaa viatu.