Netiso na Maji Aliyoyazika

Hapo zamani, na msiniulize lini, maana hata wa kuhesabu miaka hakuwepo, watu wachache waliishi kando ya ziwa. Hawakulima wala kufuga. Waliwinda, walichimba mizizi, baridi ikiingia waliota moto. Miongoni mwao alikuwamo msichana aitwaye Netiso, na kichwa chake hakikujua kutulia.

"Ziwa likikauka, tutakunywa nini?" aliuliza siku moja, maji yakimfika magotini.

"Mtoto huyu!" watu wakacheka.

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka ziwa likafurika. Netiso akaokota maganda ya mayai ya mbuni, akayajaza maji, akayaziba kwa nta. Kila wawindaji walipovuka mbuga kwenda mto wa mbali, alifuatana nao, akazika. Safari hii matatu, safari ile matano. Mengine chini ya mgunga uliopinda, mengine kando ya kichuguu chekundu.

"Unazika maji? Yataota?" wakamtania.

Alicheka nao, akaendelea kuzika.

Kisha misimu miwili ikapita bila tone. Ziwa likabaki tope la chumvi. Ikabidi wahamie kule mtoni, mwendo wa siku tatu. Siku ya kwanza maji ya viribani yakaisha. Siku ya pili kitoto kichanga kililia, kikaacha kulia, na kunyamaza kwake kukawatisha watu kuliko kilio.

Walipofika kwenye mgunga, Netiso akapiga magoti, akachimba kwa kucha. Ganda la kwanza lilikuwa limepasuka, kavu kabisa. Akachimba tena. La pili lilikuwa zito. Akazibua nta, akampa mama wa kile kichanga, kisha akakaa chini akalia kwa sauti.

Wakanywa pale, wakanywa kwenye kichuguu, wakafika mtoni wote.

Dukwa, mkuu wa wawindaji, akachonga shanga za maganda yaleyale, akazitunga katika uzi mmoja, akamkabidhi Netiso mbele ya watu.

"Mwanangu, mvike aliyekupa akili hiyo," akasema. "Na njia yake ndiyo tutakayoifuata kwa watoto wetu wote, ili wawe kama wewe."

Mama yake, Sauye, akasimama. Alikuwa akichechemea tangu siku aliyomzaa Netiso.

"Ni mimi," akasema. "Baba yangu alikuwa hivihivi, akificha mizizi ya siku za njaa. Kaka yangu alikuwa hivihivi. Jambo hili limo katika damu yetu, na mimi ndiye niliyelibeba. Kichwa hicho mnachokisifu kilikaribia kuniua kikitoka! Nivikeni mimi, na wanangu wengine waoe na kuolewa katika kila familia, damu hii ienee."

Bibi Hadeka, mama wa baba yake Netiso, akacheka hadi ufizi ukaonekana.

"Mkwe wangu, damu nakuachia. Lakini mdogo wako wa kike, si alikuwa wa damu hiyohiyo? Njaa ilimchukua kabla hajatamka neno. Na huyu Netiso, nani alimchimbia viazi vya porini, akavichoma, akamtafunia? Nani alimpasulia mifupa ale uboho, yeye mwenyewe akalala na njaa? Nivikeni mimi, na kuanzia leo uboho uende kwa watoto kwanza, wawindaji baadaye."

Wawindaji wakatazamana. Uboho waliupenda.

Kisha akajitokeza Talambo. Hakuwa ndugu yao. Alikuwa mwindaji zamani, nyati akamvunja mguu, tangu hapo akishinda kambini.

"Mimi sina damu yenu, wala sikumlisha," akasema taratibu. "Niliongea naye tu. Kila alipouliza, nilimjibu. Nilimtajia kila jiwe na kila mti wa mbuga ile. Nikamweleza kiangazi cha ujana wangu, mke wangu na mwanangu walipokufa kwa kiu katika mbuga hiyohiyo. Aliniuliza, 'Mjomba, kama maji yangekuwa pale chini ya ardhi, wangepona?' Kesho yake akaanza kuokota maganda. Nivikeni mimi, na kila siku mwindaji mmoja abaki kambini aongee na watoto, hata nyama ikipungua."

"Lakini Talambo," Sauye akasema kwa upole, "kisa hicho uliwasimulia watoto wote. Aliyezika maji ni mmoja."

"Na huyo mmoja," Talambo akajibu, "asingekisikia, angezika nini?"

"Na angeachwa na njaa," Bibi Hadeka akadakia, "angekuwa hai wa kusikia?"

Watu wakacheka, na wale watatu wakacheka pia, maana walipendana. Lakini Netiso hakucheka. Uzi ulikuwa mmoja. Akamtazama mama na mguu wake mbovu. Akamtazama bibi, mikono imepasuka kwa kuchimba. Akamtazama Talambo, ambaye tayari alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu ajuaye hatachaguliwa. Akapiga hatua moja, akasimama, uzi umetanda kati ya viganja vyake.

Nanyi mnaonisikiliza, mliozaliwa na kulishwa na kusemeshwa: Netiso amvike nani? Je, nani alistahili?