Mikono ya Mwanamkasi

Sogeeni, wanangu, ngano imefika mlangoni.

Zimwi la zamani haliingii nyumba ya mtu mpaka mwenyewe alikunjulie mikono. Lilimtaka Kidawa, mwana pekee wa Mwanamkasi. Likabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama kasimama kizingitini, migongo ya mikono ikisukuma miimo ya mlango kwa nguvu zote.

"Haya, naenda zangu," likasema.

Mwanamkasi akaachia miimo, akatoka kuhakikisha. Lo! Mikono ikapanda yenyewe, kama mbawa.

"Ahsante kwa kunikaribisha!"

"Sikuiinua mimi!"

Likampita, likambeba Kidawa, likatoweka naye.

Nanyi mkisukuma miimo kwa mchezo, mikono ikapanda yenyewe, chekeni tu. Mwanamkasi husukuma kila jioni. Mikono hupanda vilevile, ila hamna wa kumkumbatia.